Simbiliki wa Chumvi

Nilikuwa nasahihisha mitihani, nimekasirika kama ninavyokasirika kila mwaka wakati huo, simu ikalia. Sauti ya kijana nisiyemjua ikaniambia kwamba Dokta Muhindo ametutoka. Nikamuuliza kwa ukali, Muhindo yupi? Hapa Goma akina Muhindo ni wengi, na kwa kitambo kidogo nilikuwa radhi afe yeyote kati yao isipokuwa mmoja, Mungu anisamehe. Alikuwa ni huyo mmoja. Niliweka kalamu chini nikalia palepale juu ya karatasi za wanafunzi, kilio cha kelele, mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Najua watu watamsifu kwa mambo ya uzeeni, jinsi alivyofundisha, jinsi alivyovaa tai hata siku ya mvua ya mawe. Wamsifu tu. Mimi nina mwaka mmoja wake ambao wao hawana, mwaka ule vita viliposhuka kutoka Rutshuru mpaka Kibati, nami nikiwa msichana wa chuo mwenye domo, na wanyama wa maabara yetu wakikaa jikoni kwa Mama Sifa, Katoyi, kati ya mbabula, lile jiko la makaa, na gunia la makala.

Nikisimulia habari ya jikoni wenzangu hucheka, na mimi huwaacha wacheke. Nilipanga chumba kwa Mama Sifa. Nyumba ilikuwa ya mbao, kama nyumba nyingi za mtaa ule, imesimamishwa juu ya mawe meusi ya volkano, na kilichotenga kitanda changu na jiko lake kilikuwa ubao mmoja wenye nafasi za kupitisha kidole. Kila kilichosemwa jikoni nilikisikia, na kila kilichopikwa kilihamia kwenye nguo zangu za kwendea shule. Mwenyewe alikuwa Muhunde wa milima ya Masisi, mwanamke mpana, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, mwenye kicheko cha kuamsha majirani. Hakuniruhusu kupika peke yangu hata siku moja. Alisema mioto miwili katika kiwanja kimoja ni kutafuta ugomvi, kwa hiyo tulikula pamoja, maharagi leo, sombe la majani ya muhogo kesho, na Jumapili sambaza zilizokosa wanunuzi. Lakini mgeni akiingia, mambo yalibadilika. Kwa Mama Sifa, mtu aliyetoka safari hupikiwa kitu chenye damu siku anayofika. Ukimpa bugali na majani peke yake, ni kama umemwonyesha njia ya kurudi alikotoka. Mama yake alimlea hivyo, na yeye hakuona sababu ya kuwa mnyimivu kwa kuwa tu amehamia mjini.

Dokta Muhindo alikuwa amerudi kutoka masomo ya Ulaya na koti zito lisilofaa kwetu na kipande cha karatasi ya kuchujia, kimefungwa kwenye plastiki na kuwekwa katikati ya kitabu chake cha nyimbo za kanisa. Juu ya karatasi ile palikuwa na tone lililokauka, na ndani ya tone ndimo ilimokuwa jeni yake. Haikuwa jeni ya kuponya. Kazi yake ilikuwa kutoa ushahidi tu: nyama iliyoipokea, ukiiloweka katika dawa fulani, inageuka bluu. Ukiona bluu ndani ya figo, ujue jeni imefika. Wenzake wa kule ng'ambo walimwahidi kwamba akionyesha imefika kwenye figo ya mnyama, na mnyama akabaki mzima, watamtumia zile jeni za kweli, za kujaribu kutengeneza figo iliyoharibika. Asipoonyesha, basi, kila mtu kwao. Siku zile mtu wa Goma akiharibikiwa na figo, familia ilichanga nauli ya kumvusha mpaka, na wengi walirudi wamelala ndani ya sanduku. Dokta alikuwa amemwona mwalimu wake wa shule ya msingi akivimba hivyo mpaka viatu vikamkataa. Alitaka Goma iwe na mahali pake katika kazi hiyo, hata padogo. Mimi nilikuwa mwanafunzi aliyemchagua kumsaidia, sababu, alisema, mikono yangu haitetemeki ingawa mdomo wangu hautulii.

Wanyama wetu walikuwa simbiliki, wale wadogo kama panya wanene, wasio na mkia, ambao vitabu vya maabara huwaita kobaye. Mwanzoni tuliwaweka kwenye chumba cha saruji pale chuoni, katika masanduku safi, na wakaanza kufa mmoja mmoja kwa baridi na kikohozi. Goma ina baridi, mtu asikudanganye. Nilidhani Dokta atalia. Badala yake alivua tai, akachuchumaa mbele ya sanduku, akasema, "Furaha, mwanangu, mi nilikomalia mu jiko ya mama yangu na simbiliki chini ya miguu. Sikuona hata moja inakohoa. Sisi njo tunabatesa hapa." Kesho yake tulibeba masanduku juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, mwenye chukudu akitukemea njia nzima kwa sababu ya kelele zao, tukayaingiza kwa Mama Sifa. Yeye alikuwa na simbiliki wake wa kula, kama kila nyumba ya watu wa milimani. Akawasogeza wake upande wa kuni, wetu upande wa ukuta wangu. Moshi ukawakalia, joto likawakalia, na kikohozi kikaisha. Kuanzia hapo nililala nikisikia vijino vyao vikitafuna majani sentimita chache kutoka masikioni mwangu, na mpaka leo nikisikia mtu anakula karoti napata usingizi.

Dokta alikuwa akija karibu kila jioni kuwapima, na Mama Sifa hakukubali mtu apime simbiliki na tumbo tupu. Nilizipenda jioni zile kuliko kitu chochote nilichopata baadaye, na nimepata vingi, nyumba, cheo, mume mzuri. Dokta alikaa juu ya kigoda, suruali imepandishwa isishike majivu, akikata bugali vidonge vidogo vilivyolingana. Mama Sifa alimchokoza bila huruma. "Docta, ile kintu munatiya mu figo, njo nini kabisa? Usinipatie kifaransa." Naye alimjibu polepole, kama anavyomjibu mtu mzima mwenzake. Alimwambia kila nyama ya mwili ina maagizo ndani yake, fanya hivi, chuja vile, na figo mbovu mara nyingine ni figo yenye agizo lililopotea. Sisi tunatafuta njia ya kulirudisha agizo. "Sasa murudishe! Munangoja nini?" Hapo Dokta alicheka. "Kufikisha ni kazi moja, Mama Sifa. Kufikisha bila kubomoa nyumba ya mwenyewe, njo kazi ingine." Kuna wanaotumia virusi vilivyofugwa kubeba jeni, akatueleza, lakini virusi vinahitaji maabara ambayo Goma haina. Yeye alitaka kuipeleka jeni tupu, ndani ya maji ya chumvi, ikisukumwa kinyume kupitia mrija unaoshusha mkojo. Ukisukuma taratibu mno, inabaki mlangoni. Ukisukuma kwa nguvu mno, unapasua figo na mnyama anakufa. Tulijizoeza kwa figo za mbuzi kutoka kwa mchinjaji, tukizisukumia wino, siku baada ya siku, mpaka vidole vyangu vikajua mahali penyewe palipo kati ya mno na mno.

Siku ya kazi yenyewe tulivaa makoti meupe, tukawalaza simbiliki kwa dawa ya usingizi kwenye meza ya chuo, Dokta akafungua, mimi nikasukuma. Nusu yao walipata jeni. Nusu walipata maji ya chumvi peke yake. Mwanafunzi wangu yeyote anajua sababu, lakini nitaieleza kwa ajili ya wengine, maana habari yote imekaa hapo. Figo ina ubluu wake wa asili. Hata isiyoguswa, ukiiloweka katika ile dawa, inaweza kutoa rangi kidogo. Kwa hiyo bluu ya figo moja haisemi kitu. Ni lazima uweke kando yake figo ya mnyama aliyefunguliwa vilevile, akashonwa vilevile, akapata chumvi tu, na uziloweke siku moja katika dawa moja. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo ushahidi. Ili tusiwachanganye jikoni, nilitoa rangi zangu za kucha, nyekundu kwa wa jeni na nyeupe kwa wa chumvi, nikawapaka masikioni. Mama Sifa alishangilia. Alisema sasa wamekuwa mabibi arusi, na akawapa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu baadhi ni ya majirani zetu. Wote waliamka, wote wakala, wote wakapona vidonda. Dokta alipowapima na kuona hakuna aliyepungua, aliimba wimbo wa kanisa pale jikoni kwa sauti mbaya kabisa. Tulibakiza kusubiri tu siku chache, kisha tuwafungue na kuloweka. Dawa ya kuleta bluu ilikuwa imebaki ya mara moja, ndani ya friji ya mafuta pale chuoni.

Basi vita vikaja. Sitavieleza sana, walioviona wanavijua. Soko likaanza kukosa viazi, kisha maharagi, na Mama Sifa akachinja simbiliki wake mmoja mmoja mpaka upande wa kuni ukabaki mtupu. Mchana tulisikia mizinga kaskazini, na watu barabarani wakawa wanatembea wote upande mmoja, magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba. Chuo kikafunga. Umeme haukuwapo tena, na friji yetu ilikuwa inamalizia mafuta yake. Dokta aliniambia hatuwezi kungoja zaidi. Hata jeni yenyewe haikai sana, bluu hupungua kila siku inayopita. Tukapanga kuwafungua wanyama wote kesho yake. Asubuhi hiyo ya kesho, kabla Dokta hajafika, mlango wa uani ukasukumwa, na akaingia Mapendo, mdogo wake Mama Sifa aliyeolewa upande wa Rutshuru, na watoto wake wamemshika kitenge kila upande. Walikuwa wamelala Kibati, nje, kwenye mvua, wakapita Munigi kwa miguu. Hawakuwa na kitu. Hata sufuria hawakuwa nayo. Mama Sifa aliwakumbatia akilia na kucheka kwa pamoja, akawavua nguo zilizolowa, akawafunga vitenge vyake, akachemsha maji. Mimi nikaingia chumbani kwangu nisiwazuilie nafasi.

Kupitia ubao nilimsikia Mapendo akisema, "Dada, usijisumbue. Tutakula sombe tu." Kisha Mama Sifa, kwa sauti ambayo sikuijua, ya chini, "Sombe tupu? Kwangu? Umelala inje na batoto, unafika kwa dada yako, nikupe majani?" Mapendo akamwambia ni vita, dada, hakuna atakayehesabu. Mama Sifa akamjibu kwamba yeye mwenyewe atahesabu. Halafu nikasikia mmoja wa watoto akiuliza, kwa furaha kubwa, wale simbiliki wa ukutani ni wa nani. Mama Sifa akamwambia asogee motoni. Nilikaa kitandani, sikio kwenye ubao. Nilimhurumia Mama Sifa mpaka nikatamani kufa, na papo hapo nilikuwa tayari kulala mbele ya masanduku yale kama mbwa.

Dokta alifika kwa miguu kutoka Himbi, viatu vimejaa vumbi jeusi, tai ipo. Alisalimia wageni mmoja mmoja, akawapa pole, akaketi. Mama Sifa hakuzunguka. Alisimama mbele yake mikono kiunoni.

"Docta, wewe si ulisema ile kintu haina mubaya?"

"Nilisema simbiliki hajakufa, Mama Sifa. Anakula, anakojoa, anapiga kelele."

"Basi leo tutabakula."

"Apana."

"Juu ya nini apana? Kama haina mubaya kwa simbiliki, itakuwa na mubaya kwa mutoto ya Mapendo?"

Nilimtazama Dokta. Nilijua majibu ya vitabuni, na nilikuwa karibu kuyamwaga yote. Yeye aliwaangalia watoto waliofungwa vitenge kando ya moto.

"Sijue," akasema.

"Masomo yote ile, na haujue?"

"Sijue, mama. Siku nitajua nitakuambia ya kwanza. Leo naona haijamuumiza simbiliki, njo yote naona. Chenye sijue siwezi kukitiya mu kinywa ya mutoto."

Mama Sifa aliteremsha mikono. Nadhani alitarajia kiburi, na kiburi angekipiga vita. Lile neno moja lilimwacha bila silaha. Aligeukia mbabula, akaanza kupuliza makala yaliyokuwa yanawaka vizuri tu, ili tusimwone uso. Dokta akainuka, akaenda ukutani, akachuchumaa mbele ya masanduku, akamtoa simbiliki mwenye sikio jeupe.

"Hawa ba rangi nyeupe," akasema, "ni chumvi tu. Dawa ya usingizi ilishatoka. Hawa ni nyama. Mukule."

"Muzee!" nikapiga kelele.

"Furaha, nyamaza."

"Muzee, bila hawa, bale bengine ni bure!"

"Nimesema nyamaza." Hakunikaripia mara nyingi, na hiyo ilitosha. Kisha akamgeukia Mama Sifa. "Ila figo muniachie miye. Figo yote. Nitarudia kuzitwaa." Na uso wa Mama Sifa ukafunguka, nikauona tena uso wake wa siku zote. "Figo yote ni yako, Docta! Hakuna mutu atagusa." Hapo roho ikanirudia mahali pake. Kumbe mzee amepiga hesabu: watu wapate nyama, sisi tupate figo, na hakuna kilichopotea. Tukatoka haraka, mimi na yeye, kwenda chuoni kuchukua chupa yenye maji ya kuhifadhia, ili tuzipokee figo mbichi na kuzipeleka kulowekwa pamoja na za wa jeni siku hiyohiyo. Tuliwabeba na wale wa sikio jekundu katika kikapu, tukawaacha kwa mlinzi wa chuo, mzee ambaye hakuwa na mahali pa kukimbilia na kwa hiyo hakukimbia.

Njia ilikuwa ngumu. Askari walikuwa wanarudi nyuma wakiwa wamekasirika na wenye kiu, na mara mbili tulilazimika kupita nyuma ya nyumba za watu, tukiruka kuta za mawe, Dokta Muhindo na tai yake na chupa ya kioo ndani ya mfuko wa begani. Tulipofika Katoyi jua lilikuwa limelala upande wa Sake. Harufu ilitupokea barabarani, vitunguu, nyanya, mawese. Ndani, Mapendo na watoto walikuwa wameketi kuzunguka sinia la bugali, nyama katikati, midomo inang'aa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi watoto walikuwa wanagombana, jambo ambalo lilinifurahisha. Mama Sifa alimvuta Dokta kwa mkono akamkalisha kwenye kiti pekee chenye mgongo. Akamnawisha mikono mwenyewe. Kisha akaleta sahani yake ya maua, ile ya Krismasi, imefunikwa na sahani nyingine, akaiweka juu ya magoti yake.

"Karibu, Docta. Njo zako. Hakuna mutu aligusa hata moja."

Alifunua. Figo za simbiliki ni ndogo, kama maharagi makubwa. Zilikuwa zimepangwa duara, zimekaangwa kwa nyanya na kitunguu, na juu yake majani kidogo ya soro ya kunukia. Kwao, mwenye mnyama akitaja kipande chake, kipande hicho hupikwa peke yake, na mwenye nyumba ndiye hukipika. Mtu mkubwa aliyetoa wanyama wake ili wageni wapokelewe, akaomba figo tu na kuacha mapaja, alikuwa amefanya heshima ambayo Mama Sifa angeisimulia mpaka uzeeni. Jinsi gani angefikiri kwamba anaziomba ili azitie kwenye chupa?

Mimi nilifungua kinywa. Dokta aliniangalia mara moja tu, nikakifunga. Na mimi peke yangu mle ndani nilijua jambo lingine: mtu huyu hakuwa akila figo kabisa. Tangu tulipoanza kuzisukumia wino zile za mbuzi, hata kwenye mishikaki ya barabarani alizichomoa akanipa mimi, akikunja pua, akisema anajua mno kinachopita humo. Akamega bugali. Akachukua figo ya kwanza. Mapendo alikuwa anamtazama, watoto wanamtazama, Mama Sifa amesimama na kitambaa begani, pumzi ameizuia. Akatafuna, akameza. "Mama Sifa," akasema, "ziko tamu. Kuna bugali ingine?" Nyumba nzima ikacheka kwa furaha. Alizila zote, moja baada ya moja, mfuko wenye chupa ukiwa chini kati ya miguu yake, na Mama Sifa akamletea bugali.

Nilimsindikiza mpaka kwenye njia panda nikilia waziwazi. "Juu ya nini haukusema? Moja tu! Moja mbichi ingetosha, labda kulibakia moja!" Akaniambia, bila hasira, kwamba zilikuwa zimeiva zote, kulia hakutazifanya mbichi. Nikamwambia hata hivyo angesema, Mama Sifa ajue. "Ajue nini?" akaniuliza. "Mbele ya mudogo yake? Huyo mama leo amepokea bageni kama mama wa nyumba. Ningesema, angekuwa mujinga mwenye alipika kazi ya docta." Nikamuuliza tutapata wapi wengine wa chumvi. Alijua nami nilijua: soko limefungwa, na hata tungempata simbiliki mahali, hajafunguliwa, hajashonwa, hawezi kusimama kando ya wale. Wala dawa isingengoja. Akanifuta machozi kwa ncha ya tai yake, tai ya Ulaya, akaniambia niende nikale kabla watoto hawajamaliza.

Siku iliyofuata tuliwafungua wa sikio jekundu, tukaloweka. Mabibi na mabwana, ilikuwa bluu. Bluu ya sketi yangu ya sekondari, imeingia ndani ya nyama ya figo na kutawanyika, na figo yenyewe nzima, haijapasuka popote. Nimeona bluu nyingi tangu wakati ule, katika maabara zenye umeme, na hakuna iliyonipendeza hivyo. Tulisimama dirishani, tukiinyanyua kwenye mwanga, tukipokezana. Mimi nilisema imefika. Yeye alisema, "Inafanana imefika," na tabasamu lake lilikuwa kubwa kuliko maneno yake. Aliwaandikia wenzake wa ng'ambo ukweli wote: bluu imeonekana, wanyama waliishi, wa kulinganisha hawapo. Wakamuuliza wa kulinganisha wamepatwa na nini. Akajibu kwamba wameliwa. Nilimsihi aandike wamekufa kwa vita, lingekuwa karibu na kweli, lakini hakutaka. Hawakumwandikia tena, na jeni za kweli hazikuja Goma. Kazi kama ile imefanywa na wengine, mahali pengine, wenye simbiliki na panya wasiochinjiwa wageni. Nilimkasirikia Mama Sifa kimoyomoyo mpaka Krismasi. Dokta sikumwona akimkasirikia hata dakika. Alianza kufundisha, akatulea sisi wengi, na mtu yeyote aliyepita mikononi mwake alijua kusema "sijui" bila kuona haya. Nilimpenda yule mzee. Hayo ndiyo niliyotaka kusema tangu mwanzo, nikazunguka.

Nilikwenda kwenye kilio chake Himbi. Uwanja ulikuwa umefunikwa turubai za shitingi, watu wamejaa, maprofesa mbele kwenye viti, na nyuma ya nyumba akina mama wakipika. Wanafamilia walikuwa wamechinja mbuzi. Nilikaa karibu na sanduku, na baada ya muda nikamwona Mama Sifa akija kutoka upande wa moto, amezeeka, anatembea kwa fimbo mkono mmoja, mkono mwingine sahani iliyofunikwa. Alisimama katikati ya watu akitafuta uso fulani. Alitazama viti vya mbele, akatazama sanduku, akaegemea fimbo kwa uzito wake wote. Nilimkimbilia nikamkalisha.

"Furaha, ona miye mujinga," akasema, machozi yanamtiririka. "Bamechinja mbuzi, mukono yangu imetoa figo yenyewe. Nimezipika, nimetiya nyanya. Nafika hapa njo nakumbuka. Docta alipendaga figo, unajua? Tangu ile siku ya Mapendo. Ubatizo ya batoto, arusi ya Sifa, kila mara tulichinja nilimuitaga, nilimuwekeaga zake. Hakukosaga kuya. Hakubakizaga hata moja."

Miaka yote ile. Sikujua. Nilimshika mkono. Akaiangalia sahani magotini mwake, akaniuliza sasa atampa nani. Nikaomba maji ya kunawa. Nikafunua, nikala ya kwanza, naye akinitazama usoni, pumzi ameizuia.

"Ziko tamu, mama," nikasema. "Kuna bugali ingine?"